Shajara ya mradi: mrenda, ute wake na panya wa lishe ya mafuta na sukari

Februari: swali lenyewe

Mradi huu, unaoendeshwa katika maabara moja mjini Kisumu, unachunguza kama dondoo la majani ya mrenda, Corchorus olitorius, linaweza kupunguza madhara ambayo lishe ya mafuta na sukari nyingi huleta mwilini. Madhara hayo ni kitambi, sukari ya damu inayokawia kushuka baada ya chakula, trigliseridi nyingi (aina ya mafuta ya kwenye damu), shinikizo la damu na ini lililojaa mafuta. Kwa kawaida huandamana, na Gerald Reaven alipendekeza mwaka 1988 kwamba mengi kati yake yana shina moja, yaani mwili kutoitikia insulini ipasavyo. Kwa binadamu, mtu huhesabiwa kuwa na mkusanyiko huo wa madhara, uitwao sindromu ya kimetaboliki, akifikisha vitatu kati ya vigezo vitano: kiuno kipana, trigliseridi kuanzia milimoli 1.7 kwa lita, kolesteroli nzuri iliyo chini, shinikizo la damu kuanzia 130 kwa 85, na sukari ya asubuhi kabla ya kula kuanzia milimoli 5.6 kwa lita.

Mrenda ulichaguliwa kwa sababu ni mboga inayoliwa kila wiki, na katika nyumba nyingi kila siku, kuanzia Kisumu hadi Vihiga na Kakamega. Wajaluo huuita apoth na Waluhya murere. Sababu ya pili ni ute wake. Ute mzito huchelewesha chakula kutoka tumboni na huzuia sukari kufika haraka kwenye kuta za utumbo, kwa hiyo tunajua mapema kwamba mrenda unaweza kuonekana kama dawa hata kama hakuna kemikali yake hata moja iliyoingia kwenye damu. Swali la mradi linatoka hapo: mrenda ukishusha sukari ya damu, je, unafanya kazi ndani ya utumbo au ndani ya mwili? Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye njia mbili zisizokutana. La kwanza linatufundisha jinsi ya kupanga sahani. La pili ndilo pekee linaloweza kutupa dawa.

Historia ya dawa za kisukari inatia moyo na inafundisha subira kwa pamoja. Metformini, ambayo ndiyo hutolewa kwanza kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, asili yake ni Galega officinalis, mmea wa Ulaya wenye galegini, kemikali iliyoshusha sukari lakini ikawa na sumu isiyovumilika. Metformini yenyewe ilitengenezwa maabara mwaka 1922, Jean Sterne akachapisha matokeo yake kwa wagonjwa huko Ufaransa mwaka 1957, na Marekani ikaikubali mwaka 1994. Florizini nayo, iliyopatikana mwaka 1835 katika gamba la mtufaha, hufanya figo zimwage sukari kwenye mkojo, ila utumbo huifyonza kwa shida. Dawa zilizozaliwa kutokana nayo, kama dapagliflozini, zilifika kwa wagonjwa katika karne hii tu. Katika visa vyote viwili kilichomfikia mgonjwa ni molekuli iliyorekebishwa, wala si dondoo. Kila ninapoona tangazo la unga wa majani unaodaiwa kumaliza kisukari, limebandikwa kwenye matatu au kwenye nguzo ya umeme, nakumbuka urefu wa safari hiyo.

Machi: majani

Majani tunayanunua kwa kikundi cha akina mama wakulima karibu na Luanda, kaunti ya Vihiga. Kabla ya gunia la kwanza kuondoka shambani, makubaliano yaliandikwa na kusomwa kwa sauti mbele ya wote: majani yatafanyiwa nini, nani atayamiliki matokeo, na wakulima watapata nini iwapo kitu cha kuuzika kitazaliwa. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kutumia mimea na viumbe na kugawana manufaa yake, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inataka ridhaa ya namna hiyo itangulie kazi, na sioni kwa nini mboga ya shambani ichukuliwe kwa heshima ndogo kuliko mti wa msituni. Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na kibali cha kamati ya maadili vilikuwa vimeshatoka.

Soko la Kibuye lilikuwa karibu zaidi, lakini fungu moja la mrenda pale huweza kuchanganya spishi zaidi ya moja za Corchorus. Mama mmoja muuzaji alitutenganishia fungu lake juu ya gunia: “Huu wa majani mapana, mwanangu, ni wa kupanda. Huu mwembamba umejiotea, na ndio unaovutika zaidi.” Mpishi huichukulia tofauti hiyo kuwa ya ladha na mvutiko; sisi tukiipuuza, hatutaweza kusema ni mmea gani uliofanya kazi. Tawi lenye maua na vitumba vya mbegu limebanwa, limekaushwa na kupelekwa kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ili yeyote atakayetilia shaka utambulisho wetu aende akalitazame.

Mimea iliyokomaza vitumba haichumwi. Mbegu za mrenda zina glikosidi zinazoathiri moyo, za ukoo wa strofanthidini, na zimewahi kuwadhuru mifugo. Majani machanga yanayoliwa hayana lawama hiyo, lakini mbegu chache zikisagwa pamoja na majani, kisha dondoo likakolezwa, tutakuwa tunapima sumu ya moyo huku tukiamini tunapima mboga. Uchambuzi unafanywa kwa mkono, tawi kwa tawi, na ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko nyingine zote za mwezi huu. Majani yanakaushwa kivulini, mahali penye upepo, bila kuzidi nyuzijoto 40.

Aprili: dondoo

Majani makavu yaliyosagwa yalipotiwa kwenye maji ya moto, mchanganyiko ulikuwa uji mzito, na karatasi ya kuchujia iliziba mara moja. Kitambaa cha shashi kilisaidia kidogo; mashine ya kuzungusha kwa kasi ilimaliza kazi. Ukiinua kijiti cha kioo kutoka kwenye dondoo hilo, uzi wa ute unakifuata hadi usawa wa kifua kabla haujakatika. Ukimimina ethanoli mara tatu ya ujazo wake, ute huachana na maji na kuelea kama nyuzi za kijivu unazoweza kuzikusanya kwa kuzizungusha kwenye kijiti. Kinachobaki ndani ya kimiminika ni molekuli ndogo, zikiwemo asidi ya klorojeniki na glikosidi za kwesetini.

Kwa njia hiyo tumepata vitu vitatu kutoka kwenye gunia moja: dondoo zima, ute peke yake, na dondoo lisilo na ute. Mpango wa awali ulikuwa kutumia ethanoli ya asilimia 70 tangu mwanzo, kama ilivyo desturi katika maabara nyingi, kwa sababu huchujika kwa urahisi na kukauka haraka. Desturi hiyo huuacha ute kwenye makapi. Mtafiti akipata matokeo hafifu, hawezi kujua kama mmea haufanyi kazi au kama alichokitafuta kimekwenda kwenye pipa la taka.

Dondoo hili, hata lile zima, halilingani na mrenda wa jikoni. Huku magharibi mboga hii hupikwa kwa magadi au kwa maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea, ambayo Waluhya huyaita musherekha, ili ilainike. Alkali hiyo huivunja asidi ya klorojeniki na huathiri vitamini C. Kwa hiyo lolote tutakalolipata kwa dondoo la maji matupu haliruhusiwi kuandikwa kama sifa ya mboga iliyopikwa, na sentensi hiyo nimeiweka tayari kwenye rasimu ya ripoti kabla matokeo hayajaanza kutushawishi.

Vipimo viwili vya kikemia nimeamua kuvipa uzito mdogo. Cha kwanza ni kile cha Folin na Ciocalteu, kinachotumika kukadiria wingi wa fenoli: rangi ya buluu inayotokea huletwa na kitu chochote kinachotoa elektroni, vitamini C ikiwamo, na majani ya mrenda yana vitamini hiyo ya kutosha. Cha pili ni kipimo cha dondoo kuzuia vimeng'enya vinavyovunja wanga, yaani amilasi na glukosidasi, likilinganishwa na akabosi, dawa ya kisukari inayozuia vimeng'enya hivyo. Karibu kila mmea wenye tanini hufaulu mtihani huo, kwa kuwa tanini hushikamana na protini yoyote iliyo karibu, na kimeng'enya ni protini. Dondoo letu linapimwa mara mbili, kabla na baada ya tanini kuondolewa, na uwezo unaotoweka pamoja na tanini hauhesabiwi.

Mei: chakula cha panya

Hapa ndipo mradi umetumia fikra nyingi zaidi, na kwa maoni yangu ndipo kazi nyingi za aina hii huharibikia bila mtu kugundua.

Njia rahisi ya kuwanenesha panya ni kuchukua vidonge vya kawaida vya chakula chao na kuvichanganya na mafuta. Hesabu yake inatisha. Chukua gramu 80 za vidonge vyenye kilokalori tatu kwa gramu, uongeze gramu 20 za mafuta yenye kilokalori tisa kwa gramu. Nguvu ya mchanganyiko inakuwa kilokalori 420, na mafuta hayo yanachangia zaidi ya asilimia 40 yake, jambo linalofurahisha. Lakini protini, vitamini na madini yaliyokuwa yakiandamana na kilokalori 300 ndani ya gramu 100 za vidonge sasa yamepungua kwa moja ya tano na kutawanywa kwenye kilokalori 420. Kwa kila kilokalori, protini imeshuka kwa zaidi ya asilimia 40. Panya hula mpaka nguvu imtoshe, hivyo atakula gramu chache na kukosa protini na kolini, kirutubishi kinachosaidia ini kutoa mafuta. Upungufu wa protini na wa kolini huleta mafuta kwenye ini hata bila unene. Mtafiti atalipasua ini, ataona matone ya mafuta, ataandika kwamba ni madhara ya ulaji wa anasa, kumbe amewaletea panya wake utapiamlo.

Kwa sababu hiyo tunatengeneza chakula chote kuanzia viungo vyake, na makundi yote yanapata protini, vitamini, madini na nyuzinyuzi sawa kwa kila kilokalori. Kinachobadilika ni mafuta na wanga tu. Chakula cha kulinganisha hakitakuwa vidonge vya dukani bali mchanganyiko uleule wenye mafuta machache, la sivyo tutakuwa tunalinganisha vyakula viwili vinavyotofautiana katika mambo chungu nzima.

Chanzo cha protini kilizua mjadala. Omena ilipendekezwa kwanza, kwa kuwa inapatikana ziwani hapa, ina protini nyingi na tayari inatumika katika vyakula vya mifugo. Tumeikataa. Mafuta ya samaki yana omega-3, ambazo hushusha trigliseridi, na trigliseridi ni mojawapo ya vitu tunavyovipima. Soya nayo ina isoflavoni zenye tabia ya homoni. Tumebaki na kasini ya maziwa, yenye gharama kubwa lakini isiyotuingilia. Mafuta ni yale ya kupikia yatokanayo na mawese, ambayo karibu nusu yake ni asidi zilizoshiba. Maabara za ng'ambo hupendelea mafuta ya nguruwe, lakini chapati, mandazi na chipsi za Kisumu hazikaangwi kwa hayo.

Sukari inawekwa kwenye maji ya kunywa, na ni sukari ya mezani, si fruktosi tupu. Ukanda wetu ni wa miwa, na mtu wa hapa anaipata fruktosi ikiwa nusu ya sukari aliyoitia kwenye chai au aliyoinywa kwenye soda. Nusu hiyo ndiyo yenye hatari kwa ini: glukosi hupita mahali ambapo mwendo wake hudhibitiwa na kimeng'enya cha fosfofruktokinasi, ilhali fruktosi hupita kando ya kizuizi hicho, hutumia ATP, yaani akiba ya nguvu ya seli, kwa pupa, huongeza asidi ya yuriki na kulipa ini malighafi ya kutengenezea mafuta. Chupa za maji hupimwa uzito kila siku pamoja na mabakuli, kwa maana nguvu inayonywewa ni nguvu iliyoliwa.

Jambo la mwisho kuhusu chakula ni aflatoksini, sumu ya ukungu. Wanga wetu unatokana na mahindi, na nchi hii haihitaji kukumbushwa mwaka 2004, pale mahindi yenye ukungu yalipoua zaidi ya watu 100 upande wa mashariki. Kiasi kidogo kisichoua bado hulijeruhi ini na kupandisha vimeng'enya vyake kwenye damu. Kila gunia linapimwa, na linalozidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha mahindi ya binadamu, haliingii kabisa. Kwa kazi yetu hata kikomo hicho ni kikubwa. Tunachukua magunia yaliyo chini yake sana, na makundi yote hulishwa kutoka gunia moja.

Juni: dozi na makundi

Kazi nyingi huchagua dozi za miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo kwa sababu waliotangulia walizichagua. Sisi tumeanzia kwenye sahani. Tuseme mtu wa kilo 60 anakula gramu 150 za majani mabichi, yenye takriban gramu 25 za kitu kikavu, na moja ya tano ya uzito huo ikatoka na maji: anapata gramu tano za dondoo, au miligramu 83 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa kanuni ya eneo la ngozi, inayolinganisha miili kwa ukubwa wa ngozi badala ya uzito, dozi ya mtu huzidishwa kwa takriban 6.2 ili kupata ya panya, na jibu linakaribia miligramu 500 kwa kilo. Hiyo ndiyo dozi yetu kuu. Kubwa kuliko hiyo mara nne ingemtaka mtu ale karibu nusu kilo ya mrenda mbichi zaidi ya sahani yake ya kawaida, na ushindi wa dozi kama huo haumsaidii yeyote. Kanuni ileile inatupa metformini ya kulinganisha: miligramu 200 kwa kilo ya panya zinakaribia gramu 1.9 kwa siku kwa mtu huyo, kiasi kisicho mbali na kile cha hospitali.

Kumpa panya dondoo lenye ute kwa mrija kumeshindikana, kwa kuwa linakuwa zito mno kupita kwa ujazo unaoruhusiwa. Tunalichanganya kwenye chakula. Panya wa gramu 300 anayekula gramu 15 kwa siku anahitaji miligramu 150, yaani asilimia moja ya chakula, na uzito wa mwili ukibadilika kiwango hicho hurekebishwa.

Uamuzi huo umeleta shida ya ladha. Katika majaribio ya awali, panya waliwekewa chakula chenye dondoo lisilo na ute, na wakakinusa, wakachimba kando na kumwaga sehemu yake kwenye maranda. Waliopewa ute peke yake walikula bila manung'uniko. Panya anayekula kidogo hupungua uzito, na sukari na trigliseridi zake hushuka, hata kama dondoo halina uwezo wowote zaidi ya uchungu wake. Hivyo tumeongeza kundi linalopewa chakula cha mafuta bila dondoo, kwa kipimo kilekile ambacho kundi la dondoo lilikula jana yake. Panya wa kundi hilo wanapungua kwa njaa tu. Dondoo likishindwa kuwapita hao, halijafanya kitu. Makombo yaliyomwagwa yanachekechwa kutoka kwenye maranda na kupimwa, kazi ya kuchosha ambayo wanafunzi wetu wanaifanya kwa uaminifu.

Kamati ya maadili iliuliza, kwa haki, kama makundi hayo yote yanahitajika, ikitukumbusha kanuni za Russell na Burch za mwaka 1959 kuhusu kupunguza idadi ya wanyama. Kundi la dozi ya tatu limeondolewa. Kundi la njaa limebaki. Tunatumia majike pamoja na madume, ingawa majike hustahimili lishe ya mafuta zaidi na data zao hutawanyika. Katika nchi ambayo unene huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kupima madume peke yake kungekuwa kurahisisha kazi yetu tu.

Joto la chumba linastahili neno. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na mchana wake huwa wa joto. Chumba kikifika nyuzijoto 29, panya hahitaji kuchoma nguvu ili kujipasha, na hamu yake ya kula hupungua. Kipimajoto kinaandika saa zote, na umeme unapokatika muda huo hutiwa alama kwenye daftari la ulaji.

Julai: vipimo viwili vya sukari

Vipimo vya kustahimili sukari vimepangwa kwa jozi. Cha kwanza ni cha kawaida: panya aliyefunga hupewa mdomoni gramu mbili za glukosi kwa kilo, na damu huchukuliwa kwenye mkia mwanzoni, kisha kwenye dakika ya 30, 60, 90 na 120. Cha pili, baada ya kupumzishwa kwa muda wa kutosha, ni glukosi ileile kwa sindano ya ndani ya fumbatio, ambayo haipiti kwenye utumbo kabisa. Siku ya kipimo chakula chenye dondoo huondolewa mapema, ili ute uliobaki tumboni usijifanye dawa.

Ute ukishusha mstari wa kipimo cha mdomo na kuuacha ule wa sindano kama ulivyo, tutasema kazi yake iko utumboni. Dondoo lisilo na ute likishusha yote miwili, na kuwapita panya wa njaa, tutakuwa na sababu ya kuanza kutenganisha molekuli zake moja moja. Lisiposhusha wowote, fedha zilizotengwa kwa utenganishaji huo zitahamishiwa kwenye uchunguzi wa mrenda uliopikwa kwa musherekha, na hilo limeshaandikwa kwenye mpango na kutiwa sahihi na wote. Binafsi natarajia ute ushinde, na kwa sababu natarajia hivyo, makundi yamepewa alama za rangi na anayesoma vipimo hajui rangi ipi ni ya nani.

Insulini itapimwa kwa vifaa vya panya, si vya binadamu. Hesabu ya HOMA, inayokadiria jinsi mwili unavyoshindwa kuitikia insulini, ambamo sukari ya kufunga huzidishwa na insulini na kugawanywa kwa 22.5, iliundwa mwaka 1985 kwa ajili ya watu. Tutaitumia kulinganisha kundi na kundi tu, bila kutaja kikomo chochote cha ugonjwa. Maini yatapimwa uzito, kipande kimoja kitakwenda kwenye darubini na kingine kukamuliwa mafuta ili trigliseridi zake zihesabiwe, kwa kuwa jicho peke yake huona matone inayoyatarajia. Vifaa vya insulini bado viko njiani kutoka Nairobi, na kulisha kwa kundi kuu kutaanza vikishafika na kujaribiwa kwa damu ya panya wa akiba.